Kanzu ya akika na kipande cha sabuni ya nazi

Nguo iliyonifanya niitafute sabuni hii ni kanzu ndogo ya pamba, nyeupe, yenye tarizi kifuani, ambayo mwanangu wa kwanza alivalishwa siku ya akika yake. Niliifua, nikaikunja, nikaitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuihifadhi sandukuni nikiamini kwamba imetakata, kwa kuwa siku ile sikuona doa lolote. Nilipoitoa miaka minne baadaye kwa ajili ya mdogo wake, nilikuta mabaka ya rangi ya chai shingoni na kifuani, pale pale mtoto mchanga anapocheulia maziwa. Maziwa ya mama yakikauka juu ya kitambaa cheupe hayaonekani, lakini mafuta na protini zake hubaki ndani ya nyuzi, na kwa kadiri yanavyokaa na hewa na joto la sandukuni ndivyo yanavyogeuka manjano, kisha hudhurungi. Kwa hiyo nguo inayowekwa ikiwa imefuliwa nusunusu huonekana safi siku inapokunjwa, na madoa yake hujitokeza wakati mwenyewe ameshasahau.

Sikuthubutu kuigusa kanzu kwanza. Nilianza na kofia yake, nikampelekea dobi mmoja wa mjini aliyeniahidi kwamba ataurudisha weupe wake, naye akaitia dawa ya klorini. Kitambaa cha kofia kilirudi cheupe kweli, lakini tarizi, ambayo ilishonwa kwa uzi wa hariri, iligeuka manjano na kukatika nilipoipitisha kidole, kwa sababu klorini huila hariri kama inavyoila sufi. Niliumia sana. Mavyaa wangu, aliyelea watoto saba kwa maji ya kisima, aliishika kofia ile, akaigeuza ndani nje, akasema: "Mwanangu, ungeniambia mapema. Kanzu usimpe mtu. Nenda kachukue sabuni ya nazi, uiroweke kwa maji ya baridi, mengine nitakuonyesha."

Sabuni ninayoieleza hapa hutengenezwa na kikundi cha kinamama wa kijiji jirani, huku mwambao wa mashariki ya Unguja, ambako wengi wao hulima pia mwani, kilimo kilichoanza kwa biashara katika fukwe hizi mwaka 1989. Nimeitumia tangu mwezi wa Februari hadi Agosti, karibu kila siku, kwa nguo za mtoto mmoja anayenyonya na ambaye sasa ameanza uji. Huuzwa kwa vipande vilivyokatwa kutoka kwenye mche mrefu, shilingi 2,000 kwa kipande, navyo hufungwa kwa karatasi ya gazeti. Ni nyeupe yenye umanjano mdogo sana, ngumu, haina harufu isipokuwa ile ya mbali ya nazi iliyokunwa, na ukiikata kwa kisu hupasuka badala ya kuvutika. Kwa fedha hizo hizo dukani utapata kipande kikubwa zaidi cha sabuni ya mche ya kawaida, kwa hiyo anayeitafuta kwa ajili ya unafuu wa bei hataupata.

Thamani yake iko kwenye maji yetu. Sehemu kubwa ya mwambao huu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima tunavyochota vina mambo mawili kwa pamoja: chumvi inayopenya kutoka baharini na chokaa inayoyeyuka kutoka kwenye mawe yenyewe. Kila mwanamke wa hapa anajua jinsi sabuni ya kawaida inavyokataa kutoa povu ndani ya maji hayo. Unafikicha mpaka viganja vinauma, na kinachoelea juu ya beseni ni mabonge ya kijivu kama maziwa yaliyokatika. Sabuni nyingi za mche hutengenezwa kwa mafuta ya mawese au shahamu za wanyama, na sabuni za namna hiyo hugandishwa na chumvi. Sabuni ya nazi ni tofauti, kwa sababu karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya loriki, ambayo sabuni yake huyeyuka hata ndani ya maji ya bahari. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walikuwa wakichukua sabuni ya nazi vyomboni, wakafua na kuoga kwa maji ya chumvi.

Nilitaka kuliona jambo hili kwa macho yangu, nikapanga mabeseni matatu uani: moja la maji ya bomba yaliyoletwa kwa madumu kutoka mjini, moja la maji ya kisima chetu, na moja la maji ya bahari niliyoyachota wakati maji yamejaa. Katika kila beseni nilifikicha kitambaa kimoja cha nepi kwa sabuni ya kawaida, kisha nikabadilisha maji na kukifikicha chengine kwa sabuni ya nazi. Sabuni ya kawaida ilifanya kazi vizuri katika maji ya bomba, ikadhoofika katika maji ya kisima, na katika maji ya bahari haikutoa povu hata kidogo. Sabuni ya nazi ilitoa povu katika mabeseni yote matatu, kubwa katika la kwanza, dogo na la haraka kufa katika la tatu, lakini lilikuwa povu la kweli, na kitambaa kikawa chepesi mkononi. Hata hivyo sabuni ya nazi huivumilia chumvi tu. Chokaa inaishinda kama inavyozishinda sabuni nyengine, na baada ya miezi miwili niliona nepi zimeanza kuwa ngumu, zenye utando wa kijivu, na hazinyonyi mkojo kama zamani. Tangu hapo suuzo la mwisho la nguo za mtoto ninalifanya kwa maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa, na yanapokwisha natia vijiko viwili vya siki nyeupe ndani ya ndoo ya maji ya kisima kabla ya kuzipitisha nguo mara moja zaidi bila siki. Nepi zililainika tena baada ya kufuliwa mara tatu kwa njia hiyo.

Kuhusu madoa yenyewe, sabuni hii haishindi kila kitu, wala si haki kuisifia kwa kazi ambayo nusu yake hufanywa na maji ya baridi na jua.

Kinyesi cha mtoto anayenyonya tu ndicho kilichonishangaza zaidi. Ni cha manjano, laini, na wengi wetu hukimbilia maji ya moto tukidhani moto utakikata. Moto hupika protini juu ya kitambaa, kama yai linavyoganda kwenye sufuria, na baada ya hapo hakuna sabuni itakayoitoa. Ninachofanya sasa ni kumimina maji ya baridi kutoka upande wa nyuma wa kitambaa, ili uchafu usukumwe nje kwa njia ulioingilia, kisha napaka sabuni juu ya baka likiwa bado maji, naliacha nusu saa, nalifikicha taratibu na kusuuza. Baka la manjano hafifu hubaki. Hapo ndipo jua linapoingia, kwa sababu rangi ile hutokana na bilirubini, kitu kile kile kinachowafanya watoto wachanga wawe na umanjano na ambacho hospitalini hutibiwa kwa kuwalaza chini ya taa ya buluu. Mwanga huivunja. Nepi niliyoianika ikiwa majimaji saa tatu asubuhi niliianua saa saba mchana, nikatafuta baka lilipokuwa nisilione, nikalazimika kuuangalia uzi wa alama niliokuwa nimeushona pembeni ili nihakikishe kwamba nimeshika nepi ile ile.

Mafuta ni jambo jengine. Mtoto wetu hukandwa kwa mafuta ya nazi kila jioni, na shingo za fulana zake zilikuwa zikinata na kuingia uvundo. Kwa madoa ya mafuta sabuni hupakwa juu ya kitambaa kikavu, kwani maji yakitangulia mafuta hayashikwi vizuri, na hapa maji ya uvuguvugu yanaruhusiwa. Kipande kikavu cha sabuni ya nazi kilizisafisha fulana hizo kuliko sabuni ya unga niliyokuwa nikiitumia kwa mtoto wa kwanza.

Mwezi wa Agosti kaka yake, kwa mapenzi tu, alimwonjesha urojo kwa kijiko, na robo tatu ya kijiko ikamwagika kifuani. Urojo una manjano, na nilipopaka sabuni doa liligeuka jekundu kama damu mbele ya macho yangu, nikaliachia beseni kwa hofu. Mama mwengine anaweza kudhani kwamba sabuni imeiharibu nguo. Haikuharibika: rangi ya bizari ya manjano hubadilika kuwa nyekundu inapokutana na kitu chenye magadi, na sabuni yoyote ya kweli ina asili hiyo. Niliisuuza mpaka wekundu ukarudi manjano, nikaianika juani siku mbili mfululizo, nikiirowesha kila ilipokauka, na rangi ikafifia mpaka ikatoweka. Sabuni ilitoa mafuta ya urojo, jua likatoa bizari.

Mahali iliposhindwa kabisa ni mawili. La kwanza ni maji ya dafu. Yanapomwagika hayana rangi, na kwa hiyo huachwa, kisha kesho yake baka la hudhurungi hujitokeza na kukaa. Nilifua shuka moja ya mtoto mara tano na baka liko vile vile. Utomvu wa ndizi mbichi nao ni hivyo hivyo. Ukiwahi kusuuza papo hapo unaokoka, ukichelewa umeishakosa, na sabuni ya nazi haikuleta tofauti yoyote. La pili ni matone ya dawa ya chuma anayopewa mtoto, ambayo huacha alama ya kutu. Kwa hayo sabuni haifai kutangulia. Nilikamulia ndimu, nikanyunyizia chumvi, nikaweka juani kwa saa moja, nikasuuza kwa maji mengi, ndipo nikafua kwa sabuni, na alama ikaondoka yote kwenye nguo mbili na kubaki kivuli kwenye ya tatu. Jambo la hatari ni kutia klorini juu ya doa la namna hii, kwani chuma huzidi kushika. Klorini pia haifai kumiminiwa juu ya nepi zenye mkojo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa mvuke unaochoma macho na kifua.

Kikundi hicho huuza aina tatu: isiyotiwa kitu, yenye unga wa mwani, na yenye mafuta ya karafuu. Nilizinunua zote ili nilinganishe. Ya mwani ni nzuri kwa kuogea mtu mzima, lakini chembe zake hukwaruza kitambaa laini na ziliacha vitone vya kijani kwenye mishono ya fulana nyeupe. Ya karafuu inanukia vizuri, na najua tunavyoipenda karafuu, lakini mafuta yake ni makali kwa ngozi. Nilipofulia shuka ya mtoto kwa siku nne alitokwa na vipele vya wekundu shingoni, vikapungua nilipoifua upya kwa sabuni isiyotiwa kitu. Siwezi kuapa kwamba ni karafuu, kwani wakati huo kulikuwa na joto na harara ni jambo la kawaida, lakini sikuirudia. Kwa nguo za mtoto mchanga chukua ile nyeupe isiyo na harufu, na mwambie muuzaji waziwazi kwamba ni ya mtoto.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii ni kwamba haina maandishi yoyote: hakuna tarehe ya kutengenezwa, hakuna uzito, hakuna orodha ya vilivyomo. Nilipima vipande viwili kwenye mizani ya duka la jirani, kimoja kikawa gramu 210 na kingine gramu 185, vyote kwa bei moja. Uzito ningeweza kuusamehe, tarehe siwezi. Sabuni ya namna hii hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta na magadi makali yanayoitwa kostiki, kisha huachwa wiki nne hadi sita ili kazi hiyo ikamilike na maji yapungue. Mwezi wa Mei nilipata kipande kilichokuwa laini, kinachobonyea kwa kidole gumba, na baada ya kufua nepi kumi mikono ilinichonyota na kupasuka pembeni mwa kucha. Nilikirudisha. Mama aliyeniuzia, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, hakubisha. "Samahani sana, mwanangu," alisema, "hiki kimetolewa mapema, wateja wametuzidi," akanipa chengine kilichokauka bila kudai kitu. Nilimshukuru kwa ukweli wake, na bado naomba kikundi kiandike tarehe kwenye karatasi, hata kwa kalamu ya wino, maana si kila mnunuzi atarudi, na nguo zinazofuliwa ni za mtoto wa wiki mbili ambaye hawezi kusema kwamba ngozi inamuwasha. Kwa sasa mnunuzi ajichagulie kwa kubonyeza: kipande kilichokomaa ni kigumu kama mfupa na kingo zake zimepukutika kidogo.

Wakati wa masika niliijua pia mipaka ya njia hii nzima. Wiki tatu za Aprili jua lilikuwa likitoka kwa saa moja kisha linafunikwa, nguo zikilala kwenye kamba usiku na mchana, na fulana mbili zikaingia kawa, vile vidoa vyeusi vidogo visivyotoka kwa sabuni yoyote. Katika kipindi hicho nilifua kidogo kidogo kila siku badala ya kurundika, nikakamua kwa kuzungushia taulo kavu, na kuzianika ndani karibu na dirisha lenye upepo. Mabaka ya kinyesi yalibaki manjano mpaka mwezi wa Juni, masika yalipokwisha na anga kufunguka, ndipo niliporudisha nepi zote nje na zikatakata kwa siku mbili.

Nguo zikishakuwa kavu kabisa huhifadhiwa kwa vikuba vya asumini vilivyokaushwa au bila kitu. Naliandika hili kwa sababu nyumba nyingi bado hutia vidonge vyeupe vya naftalini kwenye masanduku, na nguo hizo hizo ndizo anazovikwa mtoto mchanga. Mvuke wa naftalini hupenya kwenye ngozi na mapafu, na kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana zaidi katika nchi zenye historia ya malaria kama zetu, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kumletea umanjano mkali. Nguo iliyokaa na vidonge hivyo ifuliwe na kupigwa na upepo kabla mtoto hajaigusa. Ufukizo wa udi nao nauacha kwa nguo zangu mwenyewe mpaka mtoto akue.

Narudi kwenye kanzu. Mavyaa alinielekeza niiroweke usiku kucha katika maji ya baridi, asubuhi niipake sabuni ya nazi juu ya mabaka bila kuisuuza, niilaze juu ya jiwe safi uani badala ya kuitundika, na niinyunyizie maji kila inapokaribia kukauka, kwa sababu jua hufanya kazi juu ya kitambaa chenye maji kuliko kilichokauka. Tulikaa pale yeye na mimi kwa zamu, mtoto akiwa mapajani, mkono mmoja ndani ya kopo la maji. Siku ya kwanza sikuona mabadiliko. Siku ya pili mabaka ya kifuani yalikuwa na rangi ya majani makavu badala ya chai. Siku ya nne, baada ya kupakwa sabuni mara ya tatu, kifua chote kilikuwa cheupe na tarizi yake imesimama kama ilivyoshonwa. Shingoni limebaki baka moja la ukubwa wa sarafu, hafifu, linaloonekana ukiinua kanzu mbele ya dirisha na lisiloonekana mtoto anapovikwa.

Nimenunua vipande sita zaidi vya ile nyeupe, nikavifungua magazeti yake na kuvipanga kwa nafasi juu ya kabati, nikaandika tarehe kwa wino juu ya ubao, vikauke mpaka vuli.